Nani Anasema Humu? Siasa katika Nyimbo za Roki ya Kusini mwa Marekani



Katika wimbo "Sweet Home Alabama" wa bendi ya Lynyrd Skynyrd kuna sekunde chache ambazo zimegombaniwa kwa nusu karne. Zimo katika ubeti wa tatu. Mwimbaji, Ronnie Van Zant, anautaja mji wa Birmingham na mapenzi ya watu wake kwa gavana. Hajavuta pumzi ya mshororo unaofuata, waitikiaji walio nyuma yake wanazomea. Wanazomea mara tatu, kwa sauti tamu na kwa mapigo yale yale ya wimbo, hata mtu anaweza kuusikiliza miaka mingi asitambue kwamba alichokuwa akikisikia ni kuzomea. Mwimbaji haonyeshi kushtuka. Anadai kwamba watu wa upande wake walitimiza lililokuwa ndani ya uwezo wao, anaigusia kashfa ya Watergate na kusema haimkoseshi raha, kisha anamgeukia msikilizaji na kumuuliza habari za dhamiri yake. Ubeti unaishia hapo, magitaa yanashika.

Wanaozomea ni nani? Wanamzomea gavana, wanawazomea wanaompenda gavana, au wanamzomea mwimbaji mwenyewe? Na hao waliotimiza la uwezo wao walifanya nini: walimpigia gavana kura, au walijaribu kumwangusha wakashindwa? Kila swali hapa lina majibu zaidi ya moja, na kila jibu lina watu wanaolishikilia kwa hasira. Nitawaeleza jinsi ninavyoyasoma mimi. Nitatoka pia nje ya wimbo huu kidogo, nitazame ndugu zake katika muziki unaoitwa roki ya Kusini, ambao ulivuma hasa kati ya mwaka 1969 na 1977.

Hoja yangu naitanguliza ili mnihukumu kwayo. Wanaofasiri nyimbo hizi huingia kama wapelelezi: huyu anatafuta ushahidi kwamba mtunzi alikuwa mbaguzi, yule anatafuta ushahidi kwamba hakuwa. Naona wote wawili wamepotea tangu hatua ya kwanza. Wanadhani nyuma ya utata wa maneno kuna msimamo uliofichwa, kumbe utata wenyewe ndio msimamo. Ni msimamo wa vijana wa Kizungu wa tabaka la wafanyakazi, waliokua Kusini wakati sheria za utengano zikivunjwa, wakajifunza muziki wao kwa Weusi, wakapapenda kwao kwa moyo wote, na wakakataa kulazimishwa kuchagua. Kukataa kuchagua ni siasa kamili, na siasa hiyo ilikuwa na gharama yake, ambayo aghalabu ililipwa na wengine.

Tuanze na gavana. Wimbo ulirekodiwa mwaka 1973 ukatolewa mwaka 1974, na gavana wa Alabama katika miaka hiyo alikuwa George Wallace. Aliapishwa mara ya kwanza Januari 1963 mjini Montgomery, akasimama pale pale alipokula kiapo Jefferson Davis mwaka 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga, akaahidi utengano wa rangi usio na kikomo. Mwezi Mei mwaka huo, mjini Birmingham, askari walio chini ya Bull Connor waliwafungulia mbwa na mipira ya maji ya zimamoto waandamanaji Weusi, wengi wao watoto wa shule. Juni, Wallace akasimama mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Alabama kuwazuia wanafunzi wawili Weusi wasijiandikishe. Na tarehe 15 Septemba 1963, bomu lililotegwa na watu wa Ku Klux Klan lililipuka katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, likawaua wasichana wanne. Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson walikuwa na miaka 14. Denise McNair alikuwa na miaka 11.

Kwa hiyo mtu akiutaja mji wa Birmingham pamoja na gavana ndani ya mshororo mmoja, miaka 10 tu baadaye, hatuwezi kusema anatupa somo la jiografia. Makao makuu ya Alabama ni Montgomery, na gavana hakuwa na ofisi Birmingham. Ipo miji mingine ambayo mtunzi angeweza kuitaja akabaki salama. Yeye aliutaja mji ulioumizwa kuliko yote, na mimi namhesabia kwamba alijua anachokitaja. Van Zant alizaliwa Januari 1948. Bomu lile lilipolipuka alikuwa kijana wa miaka 15, na habari ile ilikuwa kwenye kila televisheni.

Inabidi tukumbuke pia kwamba wimbo huu ni jibu. Neil Young, Mkanada mzaliwa wa Toronto, alikuwa ametoa "Southern Man" mwaka 1970 na "Alabama" mwaka 1972. Katika ule wa kwanza anamsemesha Mzungu wa Kusini juu ya misalaba iliyochomwa moto na deni ambalo Weusi hawajalipwa. Katika ule wa pili analisemesha jimbo zima, kwa sauti ya mgeni anayetoa nasaha. Van Zant akamjibu kwa kumtaja jina. Sisi tuliolelewa na taarabu tunaujua mchezo wa wimbo kujibiwa kwa wimbo, na tunajua kwamba anayejibiwa si lazima awe adui. Van Zant alikuwa mpenzi wa nyimbo za Young. Kwenye jalada la albamu "Street Survivors" ya mwaka 1977 anaonekana amevaa fulana yenye picha ya Young. Naye Young, katika kumbukumbu za maisha yake alizochapisha mwaka 2012, alikiri kwamba wimbo wake "Alabama" ulistahili kujibiwa vile, kwa kuwa ulikuwa wa kushutumu na wa kudharau.

Kwa hiyo tuache hadithi ya chuki baina ya wanamuziki wawili. Linalonishughulisha ni ufundi wa jibu lenyewe. Young alikuwa ameshutumu mambo mahususi: utumwa, misalaba, deni. Jibu haligusi hata moja. Halikanushi, halikiri, halijitetei. Linasema tu kwamba mtu wa Kusini hana haja ya Neil Young. Swali lililokuja kama swali la haki limepokewa kama suala la adabu: mgeni ameingilia mambo ya watu. Mnapotaka kujua siasa ya wimbo, tazameni shtaka lililokuwa mezani, kisha angalieni ni lipi limeachwa bila kuguswa. Hapa limeachwa lote.

Ajabu ni kwamba waliojibu kwa niaba ya Alabama hawakuwa watu wa Alabama. Van Zant na mpiga gitaa Gary Rossington walikuwa wa Jacksonville, Florida. Ed King, mtunzi wa tatu, alizaliwa Glendale, California. Wimbo ulirekodiwa katika studio moja ya Doraville, Georgia, na mtayarishaji wake, Al Kooper, alikuwa mtu wa New York, yule yule aliyepiga kinanda katika "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan mwaka 1965. Wanafunzi wa ushairi mliopo hapa mmefundishwa kumtenga mtunzi na nafsineni, na hapa somo hilo lina kazi. Anayerudi nyumbani katika ubeti wa kwanza, akiwakumbuka jamaa zake, ni mtu wa kubuni. Nyumba anayoiendea ni Kusini nzima, iliyopewa jina la jimbo lililokuwa limeshutumiwa kuliko mengine.

Nafsineni hunisaidia mpaka ubeti wa tatu, halafu huniacha. Van Zant alipoulizwa mwaka 1975 alisema watu hawakuisikia ile zomeazomea, na kwamba yeye na Wallace walikuwa na machache ya kufanana, tena hakuyapenda aliyoyasema Wallace juu ya Weusi. Basi kwa maelezo yake, ubeti unampinga gavana. Lakini Ed King, miaka mingi baadaye, alieleza kinyume kabisa. Kwa maelezo ya King, wanaozomea si bendi. Hiyo ni sauti ya mtu wa Kaskazini, sauti ambayo mtu wa Kusini huisikia kila anaposema anampenda gavana wake. Na lile la uwezo wao lililotimizwa ni kumchagua Wallace, ambaye kwa King alikuwa mtetezi wa Mzungu wa kawaida. Hawa ni watunzi wawili wa wimbo mmoja, na wanatupa tafsiri mbili ambazo haziwezi kulala chumba kimoja. Van Zant alikufa Oktoba 1977, ndege ya bendi ilipoanguka msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. King alifariki mwaka 2018, Rossington mwaka 2023. Hakuna aliyebaki wa kuwapatanisha, na hata angekuwapo nisingemwachia yeye uamuzi. Wallace mwenyewe hakungoja ufafanuzi wa mtu. Aliusikia wimbo kama sifa, akawatunukia wanabendi cheo cha heshima cha luteni kanali katika wanamgambo wa jimbo.

Wanaoutetea wimbo hushikilia ile zomeazomea na kusahau jinsi wimbo unavyomalizika. Kiitikio cha mwisho kinaporudiwarudiwa, Van Zant anaongeza maneno yake katikati, anamsifu gavana kwa ukweli wake na kusema jibu liko Montgomery. Pale hakuna anayezomea. Ukiwa wa upande wa Ed King unasema: mnaona? Lakini hata Montgomery ni mji wenye historia mbili. Ndiyo makao ya Wallace, na ndio mji ambao Weusi waligomea mabasi kwa mwaka mzima, kuanzia Desemba 1955, wakiongozwa na mchungaji kijana, Martin Luther King. Ndiko yalikoishia maandamano ya kutoka Selma Machi 1965. Jibu la Montgomery ni lipi? Wimbo hausemi. Kila ninapokaribia kuushika mkono, unaponyoka, na sidhani kwamba ni kwa bahati. Watunzi walitaka kuuza rekodi kwa kijana wa Tuscaloosa na kwa kijana wa Chicago pia. Mwezi Oktoba 1974 wimbo ulifika nafasi ya 8 katika chati ya Billboard, na huwezi kufika huko kwa kupendwa na jimbo moja.

Kuhusu Watergate naweza kuwa na uhakika zaidi. Wimbo ulipotoka Juni 1974, Rais Nixon alikuwa amebakiza wiki chache madarakani, alijiuzulu Agosti. Hoja ya mwimbaji inaeleweka bila mafumbo: ninyi wa Kaskazini mnatufundisha maadili, na huko Washington mambo yenu yananuka. Ni hoja ya kugeuza kidole. Ni hoja dhaifu kimantiki, kwa kuwa wizi wa jirani haukuondolei wako, lakini historia iliipa nguvu ambayo watunzi hawakuitarajia. Mwezi ule ule wa Juni, jaji mmoja wa Boston aliamuru watoto wa shule za jiji hilo wachanganywe kwa kusafirishwa kwa mabasi. Shule zilipofunguliwa Septemba, Wazungu wa South Boston waliyapiga mawe mabasi yaliyobeba watoto Weusi. Redioni, wiki hizo hizo, ulikuwa ukipigwa wimbo wa bendi ya Kusini unaomuuliza mtu wa Kaskazini kama dhamiri yake imetulia. Hapo naukubalia wimbo haki yake. Swali lake lilikuwa la kweli, ingawa lilitumiwa kukwepa swali jingine.

Sasa nifike kwa watu ambao wafasiri wengi huwapita mbio. Miongoni mwa waitikiaji wa wimbo huu ni wanawake wawili Weusi, Clydie King na Merry Clayton. Clayton ndiye yule mnayemsikia akipasua anga katika "Gimme Shelter" ya Rolling Stones ya mwaka 1969. Alizaliwa New Orleans Desemba 1948, na hesabu ya miaka inauma: Septemba 1963 alikuwa na miaka 14, kama watatu kati ya wale wasichana wa Birmingham. Katika filamu "20 Feet from Stardom" ya mwaka 2013 na katika mahojiano mengine ameeleza kwamba alipopigiwa simu na Clydie King akaambiwa wimbo unahusu Alabama, hakutaka kusikia habari hiyo. Mwishowe alikwenda. Aliamua kwamba kuimba kwake kwa nguvu, yeye mwanamke Mweusi, katika wimbo wenye jina hilo, ndiko kungekuwa kupinga kwake.

Ukiusikiliza wimbo kwa kuanzia kwa Clayton, mambo yanapangika upya. Kiitikio kile chenye furaha, ambacho umati huimba kwenye viwanja vya mpira, kimebebwa na sauti za wanawake ambao Alabama ya Wallace isingewapa hata chumba katika hoteli ya Wazungu. Van Zant aliweza kuwa na utata kwa sababu utata haukumgharimu chochote. Akitaka atazomea, akitaka atasifu. Jioni atarudi kwao Jacksonville na hakuna atakayemtegea bomu kanisani. Clayton hakuwa na nafasi hiyo. Kwake neno Alabama lilikuwa na maana moja, na ilimbidi achukue maana hiyo, aimeze, aingie studio, aifanyie kazi. Hii ndiyo gharama niliyoitaja mwanzoni, na huyu ni mmoja wa walioilipa.

Nisiwaache mkadhani kwamba bendi hii haikujua kusema wazi ilipotaka. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1973, ina wimbo "Things Goin' On" unaolalamikia serikali inayotumia mabilioni kwenda mwezini huku mitaa ya maskini ikioza. Mwaka 1975 walitoa "Saturday Night Special", wimbo unaozishutumu bastola za bei poa kwamba hazina kazi isipokuwa kuua watu. Ningependa wanaopunga silaha kwa jina la Kusini wausikilize ule kwa makini. Kisha kuna kisa cha "Gimme Back My Bullets" cha mwaka 1976. Risasi zinazodaiwa zirudishwe ni alama ambayo jarida la Billboard lilikuwa likiiweka kando ya jina la wimbo unaopanda chati. Bendi ilikuwa imepoa sokoni, ikawa inadai mafanikio yake. Lakini nani aliyejua? Inasimuliwa kwamba mashabiki walianza kurusha risasi halisi jukwaani, mpaka bendi ikauacha wimbo. Mashabiki wale walilisoma jina la wimbo kwa kuzitazama sura za waimbaji na bendera ya vita ya majimbo yaliyojitenga iliyotundikwa nyuma yao.

Charlie Daniels alipatwa na jambo baya zaidi. Mzaliwa huyu wa North Carolina alikuwa ametoa mwaka 1973 "Uneasy Rider", kisa cha kijana mwenye nywele ndefu anayekwama kwenye baa moja ya Jackson, Mississippi, na kujiokoa kwa kumgeuzia mmoja wa wababe wa pale kibao, akidai kwamba ni jasusi. Watu wa Klan wanachekwa wazi wazi humo. Mwaka uliofuata akatoa "The South's Gonna Do It", na maneno yake karibu yote ni majina ya bendi za Kusini zikisifiwa moja baada ya nyingine. Kuinuka kwa Kusini anakokusema ni kuinuka kwa muziki wake. Mwaka 1975 Ku Klux Klan wakauchukua wimbo huo wakautumia katika matangazo ya redio ya kuwaalika watu kwenye mkutano wao Louisiana. Daniels alikasirika, akawakana hadharani. Sawa, namwamini. Hata hivyo lazima niulize kwa nini Klan hawakuchukua wimbo wa Otis Redding, mwimbaji Mweusi, mtoto wa Georgia, wakautangazia mkutano wao. Kauli ya kwamba Kusini itainuka tena ilikuwa na umri wa karibu miaka 100 Daniels alipoiazima. Iliwahi kupita vinywani mwa watu waliokuwa na maana moja tu. Aliyeiazima hakuifua, nao Klan walipoiona waliitambua kuwa ni nguo yao.

Linganisheni na wimbo mwingine wa wakati huo ambao unamsemea mtu wa Kusini aliyeshindwa vita: "The Night They Drove Old Dixie Down" wa The Band, wa mwaka 1969. Mtunzi wake, Robbie Robertson, alikuwa Mkanada mwingine. Aliyeuimba, Levon Helm, alikuwa mtoto wa mkulima wa Arkansas. Anayesema humo ni Mzungu maskini anayekumbuka njaa ya mwaka 1865 na ndugu yake aliyeuawa vitani. Mwaka 1971 Joan Baez, aliyekuwa ameandamana na Martin Luther King, aliuimba na kuufikisha nafasi ya 3. Katika siku zile wachache waliona kosa, kwa sababu nafsineni amechorwa kwa umakini: ana jina lake, kazi yake, majira yake, msiba wake. Msikilizaji anaweza kumhurumia mtu huyu bila kuitetea vita aliyopigana. Lakini hata huko ganzi imeanza kuisha. Mwaka 2020 mwanamuziki wa Alabama, Early James, aliuimba akiwa amebadilisha maneno, ili msiba wa kuanguka kwa Kusini ile ugeuke furaha. Mimi sikubaliani naye sana, kwa kuwa naona amemnyima masikini yule haki ya kulia, ila naelewa kilichomsukuma. Hasikii mtu mmoja tena. Anasikia sanamu za majenerali wote zilizosimamishwa katika viwanja vya mahakama.

Bendera nayo ni sehemu ya maneno ya nyimbo hizi, ingawa haiimbwi. Lynyrd Skynyrd walitundika nyuma ya jukwaa lao bendera ya vita ya majimbo yaliyojitenga, na wanabendi walieleza baadaye kwamba wazo lilitoka kwa kampuni ya rekodi iliyotaka kuwatangaza kama watu wa Kusini. Mwaka 2012 Rossington alitamka kwamba wataiacha, kwa sababu ya makundi ya chuki yaliyoifanya yao. Mashabiki waliwaka, na siku chache baadaye akafafanua kwamba bendera ingebaki. Nilivyoliona tukio lile, lilimaliza ubishi wa miaka mingi kuhusu nani mwenye wimbo. Mmoja wa watunzi waliokuwa bado hai alisema maana yake anataka iwe nini, na walionunua tiketi wakamkatalia.

Allman Brothers Band wa Macon, Georgia, nitawagusa kwa haraka, kwa sababu katika maneno yao hakuna siasa ya kufasiri. Siasa yao ilionekana mtu anapotazama jukwaa. Tangu walipoundwa mwaka 1969, mmoja wa wapigangoma wao wawili alikuwa Jaimoe, Mweusi wa Mississippi, na bendi hiyo yenye rangi mchanganyiko ililala na kula pamoja katika barabara za Kusini ile ile. Kiongozi wao wa kwanza, Duane Allman, alikuwa amejipatia jina kwa kupiga gitaa katika rekodi za Wilson Pickett. Novemba 1975 walipiga Providence, Rhode Island, kumchangia fedha gavana wa zamani wa Georgia ambaye wachache walikuwa wamemsikia, Jimmy Carter. Mwaka mmoja baadaye Carter alichaguliwa kuwa rais. Roki ya Kusini ilikuwa imesaidia kuleta mtu wa Kusini wa aina nyingine kabisa kuliko Wallace.

Nimebakiza ubeti wa nne wa "Sweet Home Alabama", na kwangu huo una siasa kuliko wa tatu. Wafasiri huuruka, wakidhani ni salamu tu kwa marafiki. Van Zant anausifu mji wa Muscle Shoals na wanamuziki wake walioitwa Swampers, na kusema kwamba humliwaza anapokuwa na huzuni. Hawa ni Barry Beckett, Roger Hawkins, David Hood na Jimmy Johnson, Wazungu wanne wa Alabama waliofungua studio yao katika nyumba namba 3614, Jackson Highway, katika mji jirani wa Sheffield, mwaka 1969. Skynyrd walirekodi humo kabla hawajawa na jina. Hawkins ndiye mpigangoma wa "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge, mtumishi wa hospitali pale Sheffield, mwaka 1966. Januari 1967, katika studio ya FAME ya Muscle Shoals, Hawkins na Johnson walikuwemo chumbani wakati Aretha Franklin, ambaye miaka ya nyuma hakuwa amepata bahati sokoni, alipokaa kwenye piano na kupata sauti yake.

Hili ndilo lilikuwa jibu bora kuliko yote ambalo mtu angeweza kumpa Neil Young. Wakati Wallace akisimama mlangoni, katika kona moja ya jimbo lake Weupe na Weusi walifunga mlango wa studio wakafanya kazi pamoja, na dunia nzima ikacheza. Van Zant alilijua jibu hilo. Aliliweka mwishoni, mahali pa heshima. Kisha akawataja Wazungu peke yao. Aretha hayumo. Pickett hayumo, Sledge hayumo, naye ni mtoto wa Leighton, maili chache kutoka pale. Wimbo unaojibu shutuma za ubaguzi umefika kwenye ushahidi wake mzuri kuliko wote na kuusema nusu. Inawezekana hakuona alichokiacha, kwa kuwa katika albamu ile ile, "Second Helping", kuna "The Ballad of Curtis Loew", kisa cha mvulana Mzungu anayekusanya chupa za soda ili apate senti za kumpa mzee Mweusi ampigie muziki. Ni wimbo wa mapenzi ya kweli, na mzee anatajwa jina. Lakini Curtis Loew ni wa kubuni, maskini, na amekwisha kufa. Aretha Franklin alikuwa hai na alikuwa malkia.

Mwaka 1972, miaka miwili kabla, Staple Singers walikuwa wametoa "I'll Take You There", wimbo uliorekodiwa katika studio ile ile ya Sheffield na kwenda mpaka nafasi ya 1. Familia hii ilikuwa imeimba katika mikutano ya Martin Luther King. Katikati ya wimbo, besi inapoachiwa nafasi, Mavis Staples anamwita mpigaji kwa jina lake la kwanza, David, ili watu wamjue. Ni David Hood, mmoja wa wale wanne. Mwanamke Mweusi alimtaja Mzungu aliyefanya naye kazi. Ubeti wa Van Zant haukurudisha hisani hiyo.

David Hood ana mwana, Patterson, ambaye naye ni mwanamuziki. Mwaka 2001 bendi yake, Drive-By Truckers, ilitoa albamu mbili kwa pamoja, "Southern Rock Opera", kuhusu Lynyrd Skynyrd na kuhusu kukua Alabama chini ya jina la Wallace. Humo Patterson Hood anamtetea Van Zant dhidi ya wanaomwita mbaguzi, na anaeleza urafiki wake na Neil Young. Kwa Wallace hana utata wowote. Kuna wimbo mzima ambamo Ibilisi anajiandaa kumpokea gavana motoni. Patterson anakubali kwamba gavana huyo alibadilika uzeeni na kwamba Weusi wengi walimpigia kura mwaka 1982. Motoni atakwenda tu, kwa sababu alijua ubaguzi ni uovu na akautumia kutafuta kura. Sijakutana na usomaji mkali zaidi ya huo wa ule ubeti wa tatu wenye kuzomea, na aliyeufanya ni mtoto wa mtu anayesifiwa katika ubeti wa nne.